Draiva ya Taa ya Samaki Wake

Mke wangu alipoondoka kwenda kufanya kazi ya uuguzi ng'ambo, aliniachia maagizo ya nyumba na maagizo ya samaki. Ya nyumba aliyasema mara moja tu, huku akikunja nguo. Ya samaki aliyaandika kwenye karatasi akaibandika mlangoni mwa friji.

Mimi ni Mkipsigis wa Kedowa, fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai. Kwetu ni ng'ombe na mahindi, na samaki nilimjua akiwa kwenye sahani, tena kwa mashaka. Baba yake mke wangu alitoka pande za ziwa akaja kuajiriwa kwenye mashamba ya chai. Mke wangu mwenyewe alizaliwa huku, kwenye nyumba za wafanyakazi, lakini kila likizo alipelekwa kwa nyanya yake ziwani. Tulipooana alikuja na tangi la vioo la futi nne, na ndani yake wakaingia fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao mjomba wake aliwaleta kwenye mtungi wa plastiki. Akitoka zamu hospitalini alikuwa anavuta kiti, anakaa mbele ya tangi bila kuvua koti, na mimi nilijua nisimsemeshe kwanza.

Miezi michache baada ya yeye kuondoka, taa ya tangi ikaungua. Kedowa kuna baridi na mawingu, na sebule yetu ina dirisha dogo. Bila taa tangi lilikuwa kama sanduku jeusi, nikaona aibu kumwambia. Nikaamua kuunda taa mwenyewe. Nilikata kipande cha alumini cha kupoza joto, nikakifungia balbu ndogo kumi na mbili za LED, nikaziunganisha kwa mstari mmoja. Sehemu hiyo ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwenye draiva, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuupimia taa kiasi chake.

Draiva ya kwanza niliyonunua haikuwa na namna ya kupunguza mwanga. Niliwasha, sebule ikang'aa kama chumba cha upasuaji, na samaki wote wakajibanza nyuma ya mawe. Wiki ya pili vioo vilianza kuota ukungu wa kijani. Nikatafuta draiva nyingine, yenye kitasa cha kuzungusha. Hiyo ilifanya kazi vizuri. Nilizungusha hadi mwanga ukawa mpole, samaki wakatoka, nami nikangoja Jumamosi kwa hamu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Saa tisa alasiri kwetu yeye alikuwa na mapumziko ya chakula, na hapo alinipigia simu ya video. Siku hiyo nilielekeza simu kwenye tangi nikangoja asifu.

"Mbona kuna mistari myeusi inapita?" akauliza.

"Mistari gani? Huku naona sawa."

"Inapanda juu kama pazia. Sioni samaki, naona vipande vya samaki." Akacheka kidogo. "Basi, si kitu. Niambie tu wanafanya nini."

Nikamwambia. Lakini mimi si mtu wa maneno, na kuhusu samaki ndiyo kabisa. Nilisema wanaogelea.

Jumatatu kiwandani nililifikiria jambo hilo nikiwa nimeshika bisibisi. Draiva ile ilipunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha taa haraka kupita kiasi, na kadiri unavyopunguza ndivyo inavyokaa imezimwa zaidi. Jicho haliwezi kuona hivyo. Kamera ya simu inaona. Nilihitaji draiva inayopunguza mkondo wenyewe wa umeme, taa iendelee kuwaka bila kukatika, ila kwa unyonge. Na iwe na volti za kutosha kwa balbu zangu zote kumi na mbili.

Nilishuka Kericho mjini. Kuna mama mmoja, mtu wa kutoka mkoa wa Kati aliyefungua duka la vifaa vya umeme miaka mingi iliyopita, ambaye husema na wateja bila kuinua macho.

"Nataka draiva ya kudimu."

"Ziko tatu hapo, fundi. Zote zinadimu."

"Zinadimu namna gani?"

"Unazungusha, mwanga unapungua. Kwani kuna namna ingine?"

Nikamwomba nijaribu. Nilikuwa nimebeba ile alumini yangu kwenye gunia. Nilifunga draiva ya kwanza pale kaunta, nikapunguza mwanga, nikatoa simu na kuitazama taa kwa kamera. Mistari. Ya pili, mistari. Ya tatu haikutosha volti, balbu ziliwaka kwa shida kama macho ya mgonjwa. Yule mama sasa alikuwa ameinua uso.

"Unapiga taa picha ya nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza, akafuta mikono kwa leso. "Binti yangu pia yuko huko," alisema. "Huwa ananiambia nimwonyeshe jikoni. Jikoni tu, hata kama hakuna kitu kwa moto." Akaingia nyuma ya duka, akakaa huko kitambo, akarudi na kiboksi kizito cha chuma kilichotolewa kwenye taa za ofisi iliyobomolewa. Nilikifunga. Nilizungusha kitasa hadi mwanga ukabaki kidogo sana. Kwenye simu taa ilikuwa imetulia tuli.

Jumamosi iliyofuata mvua ilianza mapema, bati likawa linapiga kelele. Niliiegemeza simu kwenye kopo la chakula cha samaki.

"Ah," akasema. Niliona uso wake karibu kabisa na kioo cha simu, macho yakihama huku na huku. Alikuwa anawahesabu.

"Yule mama mkubwa yuko wapi? Yule mwenye pezi lililokatika?"

Nilikuwa na mwezi mzima nikimficha jambo hilo. Stima ilipotea siku mbili, maji yakapoa, pampu ya hewa ikasimama, naye akafa. Nilimzika chini ya mti wa parachichi. Mistari ile myeusi ilikuwa imenisaidia, na sikuwa nimekubali hilo hadi wakati huo.

"Alikufa," nikasema. "Nisamehe. Sikujua nitakwambiaje."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alishusha macho, akafungua na kufunga kifuniko cha chakula chake.

"Na mimi kuna kitu sijakwambia, mzee. Nimetia sahihi mkataba wa miaka mingine miwili. Ni wiki tatu sasa."

Mvua iliongezeka. Nilitaka kusema nimeelewa, na kweli nilielewa, tuliyajua tangu mwanzo mambo yaliyompeleka. Nilichosema ni, "Miwili?"

"Miwili."

Tukakaa hivyo, yeye akitazama samaki, mimi nikimtazama yeye kwa pembeni ya simu. Mapumziko yake yalikuwa karibu kuisha aliposogea mbele ghafla.

"Huyo! Huyo wa kushoto, karibu na jiwe. Ona kidevu chake kimevimba. Amebeba mayai mdomoni."

Niliinama. Nilikuwa nimempita samaki huyo kila siku bila kuona kitu.

"Nimpe nini?"

"Usimpe chochote. Hatakula mpaka awateme watoto. Wewe mpunguzie mwanga tu, asiogope."

Nilizungusha kitasa kidogo, kisha kidogo tena.

"Hapo," akasema. "Acha hapo hapo."