Uso wa Nalianya Kila Unapobonyeza

Nimezunguka na jiwe langu la kunoa visu kutoka Kitengela mpaka Bisil miaka mingi, na nimekanyaga uchafu wa kila namna. Ule ulionitia kichefuchefu kabisa sikuukanyaga. Niliuona kwenye kompyuta. Lakini nianze na Phylis, maana hii ni habari yake.

Phylis Nzilani ni binti ya Mbuvi, fundi wa mawe pale Kitengela. Nilimjua akiwa msichana wa kutumwa na kisu cha mama yake, akiniinamia nikinoa na kusema, "Mzee, hapo bado." Hakuweza kuvumilia kazi ya nusu nusu. Alisoma, akaajiriwa na kampuni ndogo juu ya duka la mabati. Walikuwa wanatengeneza programu ya kompyuta kwa maduka ya dawa za mifugo, na kazi ya Phylis ilikuwa kuandika maelezo yake, kurasa za mtandao za kumwambia mwenye duka afanye nini. Ukitaka kipimo cha mbuzi, unabonyeza maneno ya bluu, na ukurasa wa kipimo unafunguka. Hayo maneno ya bluu ndiyo wanaita linki.

Phylis alijua wateja wengi wa huku hawasomi haraka. Basi kila ukurasa wa kipimo aliuanza na picha. Ng'ombe mkubwa, picha ya kifuniko cha mtungi kimejaa dawa. Mbuzi mdogo, kijiko cha chai. Watu wakazoea kuangalia picha kwanza, maneno baadaye, au maneno kesho.

Mwaka wa 2007 mwenye kampuni, Bwana Nalianya, akataka tovuti mpya yenye rangi. Kurasa zikahamishwa, zingine zikatupwa, na linki za zamani zikabaki zikielekea mahali hakuna kitu. Ukibonyeza unaambiwa ukurasa haupatikani. Phylis akaomba muda azipitie. Ukurasa uliohama aonyeshe ulikohamia, na uliokufa aandike wazi kwamba umekufa, mtu apige simu.

"Muda hatuna," Nalianya akamwambia. "Wafadhili wanakuja. Linki zote zilizovunjika zipeleke kwa ukurasa wa mbele."

"Zote?"

"Zote. Mteja akiona kosa anakasirika. Akiona neno karibu, anafurahi."

"Boss, mtu ameuliza choo kiko wapi, unamwambia karibu?"

"Phylis, wewe uko na maneno mengi."

Alikataa. Mwenzake wa ofisini, Wamalwa, akaifanya kabla ya chai ya saa nne. Siku hiyo nilikuwa chini kwenye ngazi nikinoa mikasi ya mshonaji, na Phylis akashuka akakaa kando yangu. "Nimekataa, mzee, lakini imefanyika. Sasa nimekataa nini?" Nikaendelea kunoa.

Na huo ukurasa wa mbele ulikuwa na nini? Picha kubwa ya Nalianya mwenyewe, suti na tai, meno yote nje, ameinua kifuniko cha mtungi kimejaa dawa. Tangazo.

Bisil, kando ya soko la mifugo, kuna duka la dawa la Roda, mama mjane kutoka Ukambani. Dawa ya minyoo alikuwa ananunua kwa mtungi, halafu anawapimia wachungaji kwenye chupa za soda. Chupa ya soda haina maandishi ya dawa. Kipimo kilikuwa kwa kompyuta, kwenye kurasa za Phylis.

Nilikuwa kwenye veranda ya bucha ya jirani wakati mchungaji anayeitwa Meitamei alikuja na vitoto viwili vya mbuzi begani. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa." Akanipita. Akavitupa juu ya kaunta ya Roda. Povu lilikuwa limekaukia midomoni, mavi ya kijani yameganda miguuni, na nzi walishajua.

"Mama, hawa ni wawili tu. Wengine wako nyumbani wamelala hivi hivi."

Roda akashika kichwa. "Lakini si tulibonyeza pamoja, Meitamei? Kipimo cha mbuzi wadogo?"

"Tulibonyeza. Mwanaume akatoka ameshika kifuniko."

"Na mimi nikasema, ai, kifuniko kizima?"

"Na mimi nikasema wameongeza," Meitamei akajibu polepole. "Minyoo ya siku hizi ni sugu."

Mpaka jioni soko lote lilikuwa linasema yule Mkamba anauza sumu. Wazee wa soko wakasema watakaa kuamua siku ya mnada inayofuata. Wakisema ni sumu, hakuna mtu angeingia pale tena, na Roda hakuwa na pengine pa kwenda. Akapiga simu Kitengela akilia.

Mnajua Nalianya alijibu nini? Kwamba mtumiaji ndiye amekosea. Kwamba picha ya mbele ni tangazo, hata mtoto anajua. Akamtuma Phylis aende Bisil awaambie wazee kwamba Roda hakusoma maelezo. Hata leo nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni na si ya kumeza.

Siku ya mnada Phylis akafika. Hakuhutubu. Aliitoa kompyuta nje kwenye veranda, waya ukaburutwa kutoka dukani, modemu ikachomekwa, na wazee wakasogeza viti.

"Niulizeni kitu," akasema.

"Kupe," mzee mmoja akasema.

Phylis akabonyeza linki ya kupe. Mtandao wa Bisil ulikuwa mzito, picha ikashuka kidogo kidogo kutoka juu. Paji la uso. Nyusi. Meno. Kifuniko.

"Uliza kingine."

"Chanjo ya ng'ombe."

Paji la uso. Nyusi. Mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Anakuja! Anakuja huyo!" Watu wakaangua kicheko.

"Mbuzi amekunywa dawa nyingi, nifanye nini?" akauliza Meitamei. Yeye hakuwa anacheka.

Phylis akatafuta maneno hayo ya bluu, yalikuwepo, akabonyeza. Paji la uso likaanza kushuka tena, na mara hii hakuna aliyecheka. Nalianya akamaliza kutokea, akatuchekea sisi sote na kifuniko chake. Mzee wa kwanza akageuka akatema mate mavumbini.

"Nilitumwa niwaambie Roda hakusoma," Phylis akasema. "Hakukuwa na cha kusoma."

Wazee hawakuchukua muda. Wakasema mama huyu aliuliza njia na akadanganywa na aliyejenga njia. Meitamei akaamka, akaingia dukani mbele ya watu wote, akaitisha chumvi ya mifugo. Roda akaanza kumpimia.

Kabla hata hajajaza mfuko, simu ya Phylis ikalia. Habari ilikuwa imeshafika Kitengela. Akasikiliza, akasema "Sawa," akaiweka mfukoni.

"Nimefutwa kazi," akatuambia. Kisha akaivuta kompyuta karibu. "Lakini neno la siri bado linafungua. Mama Roda, nipatie kiti kizuri."

Akaanza na linki ya mbuzi wadogo. Akaitoa kwa uso wa Nalianya, akaandika pale pale: Ukurasa huu haupo tena. Usikisie kipimo. Muulize daktari wa mifugo. Meitamei akasimama nyuma yake na mfuko wa chumvi.

"Hayo yanasema nini?"

Akamsomea.

"Ni mazuri. Lakini weka picha."

"Picha ya nini?"

"Mbuzi amelala, miguu juu," Meitamei akasema. "Hiyo hata mimi nitaelewa."