Siku Niliyowafundisha Kanuni ya M.N.

Jamani, hii habari sijawahi kumsimulia mtu kwa hiari yangu, na mpaka leo nikiikumbuka niko peke yangu jikoni nasonga ugali, nasimama na mwiko mkononi, nasema "aah!" kwa sauti, mke wangu anauliza kulikoni, namwambia nimeungua. Aibu ile haijapoa. Lakini nyie, nikisema siku zile sizikumbuki kwa mapenzi nitakuwa mwongo mara mbili.

Nilikuwa mwaka wa pili pale chuo cha ualimu, Mpanda mjini, nasomea hesabu, na kipindi kile tulikuwa tunaishi kwa madesa. (Kwa asiyejua, desa ni maelezo ya darasani ambayo mwanafunzi wa zamani mwenye mwandiko mzuri aliyaandika, yakatolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi, mpaka karatasi ikawa nyeusi pembeni na hakuna anayejua aliyeandika ni nani.) Desa la Kalkulasi lilipatikana steshenari moja kule Shanwe, ukimwambia dada wa pale "nipe Kalkulasi" anakutolea bila kuuliza, sisi tukaliheshimu kuliko vitabu vya maktaba, ambavyo vilikuwa vitatu na kimoja hakina jalada.

Sasa, shida yangu ilikuwa moja, na sikumwambia mtu. Nilikuwa na sapu ya Kalkulasi. Ukifeli na huo mtihani wa kurudia unadisko, yaani unafungasha godoro unarudi kwenu, na kwetu Kasokola baba alishasimama kanisani akatangaza kwamba Masanja anasomea hesabu, watu wakapiga makofi, na ng'ombe wa baba bado walikuwa wanahitaji mchungaji. Matokeo yalibandikwa ubaoni kwa namba tu, bila majina, kwa hiyo nilikuwa napita pale nasikitika na wenzangu, "maskini, sijui nani huyu ishirini na saba," wakati ishirini na saba ni mimi.

Ungeniuliza kwa nini sikuomba msaada, ningekujibu kwamba mtu anayeongea sana kama mimi watu humdhania anajua, na ukishadhaniwa unajua ni kazi kweli kushuka.

Basi akaja Kulwa, binti wa mwaka wa kwanza, mpole, ana macho ya kuuliza. "Kaka Masanja, Jumamosi si uje utupige msasa? Ile mada ya limiti imetupita hivihivi." Hapo ndipo nilipotakiwa kusema siwezi, dada, hata mimi imenipita. Nikasema, "Waambie na wenzako. Njooni na madaftari."

Siku tatu nikakariri zile kurasa mbili za desa kama mtoto anayekariri shairi la mahafali. Uthibitisho wenyewe ulikuwa wa kuonyesha kwamba x ikikaribia mbili, x mraba inakaribia nne. Katikati inatokea namba tano, inatokea tu bila kupiga hodi, na pembeni yake aliyeandika desa kaweka mabano na herufi mbili: M.N. Sikujua tano imetoka wapi. Nikakariri na M.N. pia, maana nilijua wataalamu huwa wanataja kanuni kwa vifupisho.

Jumamosi mchana tukakutana kwenye bwalo la zamani, ubao umeegemezwa juu ya stuli mbili, harufu ya maharage inatoka jikoni. Wamekuja kama thelathini! Nyuma kabisa kakaa dada mmoja mdogo wa umbo, kajifunga kitenge, yuko na simu. Mimi nimeshavimba kichwa, nikamnyooshea chaki, "Wewe dada wa nyuma, weka simu, utakuja kula sapu hivihivi." Watu wakacheka. Naye akatabasamu, akaiweka.

Nikatiririka. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nageuka naangalia madaftari yanavyojaa, naona raha. Nikafika kwenye tano, nikaandika M.N. kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini.

Kulwa akanyoosha mkono. "Kaka, hiyo M.N. ni nini?"

"Ni kanuni," nikasema. "Ya Wajerumani wawili. Mtu na mdogo wake."

"Inasemaje?"

Nikageukia ubao. "Inasema... ukishaibana delta ikawa ndogo, na vingine vyote vinabanika." Wakaandika! Kijana mmoja akauliza kama inatoka kwenye mtihani, nikamwambia haijawahi kukosa.

Yule dada wa nyuma akanyoosha mkono, taratibu. "Samahani kaka. Huyo mdogo wake hakuwa anaitwa Nestory?"

Nyie, niliona mlango wa kutokea umefunguliwa. "Sawasawa kabisa! Nestory! Mnaona? Huyu dada anasoma. Ila Wajerumani wanatamka Nestor."

Akainuka, akaja mbele, akalichukua desa langu mezani, akalifunua kama mtu aliyeokota picha yake ya utotoni. "Huu mwandiko ni wangu," akasema. "Niliandika nikiwa hapahapa chuoni. M.N. maana yake 'muulize Nestory,' mwenzangu wa darasa. Nilikuwa sijaelewa hiyo tano imetoka wapi." Halafu akawageukia wengine. "Naitwa Madam Anjela. Nimeripoti juzi, nitawafundisha Kalkulasi."

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Kulwa hakucheka, alinihurumia, na huko kuhurumiwa kuliniuma kuliko vicheko vyote.

"Na ulimuuliza?" kikauliza kitoto kimoja cha mwaka wa kwanza.

"Hapana," Madam akasema. "Niliona aibu. Nikakariri." Akatoa simu, akampigia Nestory palepale, siku hizo anafundisha kule Kapalamsenga ziwani, akaweka sauti kubwa. Tukasikia upepo, tukasikia wamama wanagombania dagaa, Madam akauliza ile tano imetoka wapi.

"Anjela! Leo ndiyo unauliza?" Akacheka sana. "Sikia. Mfunge ng'ombe kwenye mti, mti uko kwenye namba mbili. Kamba umpe hatua moja. Atafika wapi mwisho?"

"Tatu," nikajibu mimi, kabla sijajizuia.

"Na kwenye mstari wenu kuna x ongeza mbili. Tatu na mbili?"

"Tano."

"Ndiyo hiyo tano. Haya, nanunua dagaa, kwaherini."

Mtoto wa mfugaji mimi! Nimefunga ng'ombe tangu sijaota meno ya pili, na nilikuwa nakaribia kudisko kwa ajili ya kamba ya hatua moja.

Watu walipotawanyika Madam akaniita pembeni. "Nimeiona orodha ya sapu. Wewe ndiye ishirini na saba?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yako karibu. Hakunisema. Akaniambia nije kila siku saa kumi, na sharti lake lilikuwa moja, nikifika nimwonyeshe mstari wa kwanza ambao sijauelewa. Wiki mbili. Kulwa na wenzake nao wakawa wanakuja, ubao uleule, na sijawahi tena kukaa na watu nikacheka na kujifunza kwa wakati mmoja namna ile. Nilipata C. Niliibusu ile karatasi ya matokeo mbele za watu.

Leo na mimi ni mwalimu, nafundisha sekondari huku vijijini, na niliapa sitamdanganya mtoto kwamba najua nisichokijua. Wiki iliyopita binti wa kidato cha tatu akaniuliza swali, nikasema, "Sijui, hebu tukae tuliangalie wote." Darasa zima likashtuka. Sasa wananiita Mwalimu Sijui, mpaka mkuu wa shule ananiita hivyo, nami naitika.