Kombe Lililoshikwa na Mizizi ya Mpeasi

Shemeji yangu Clifford Ablett ndiye mtu pekee Suffolk nzima, huku Uingereza, aliyefukuzwa kwenye mashamba manne kwa kosa la kuchimba taratibu mno. Wenzake wanaosaka metali ardhini kwa mashine hufukuzwa kwa kuacha mashimo, au kwa kuficha sarafu ya kale ambayo nusu yake ni ya mwenye shamba. Clifford, hapana. Akishafukia shimo lake na kurudisha majani, hata fuko hajui kama kuna mtu alipita. Tatizo ni muda. Mkulima mmoja alisubiri siku tatu avune shayiri yake, huku Clifford amelala kifudifudi katikati ya shamba akibembeleza msumari.

Kumfundisha nilimfundisha mimi, na sioni sababu ya kulificha. Alipostaafu kiwanda cha sukari, dada yangu Doreen alimnunulia mashine ya kusakia metali ili amwondoe jikoni, na ni mimi niliyemwonyesha upande wa kushika. Ya baada ya hapo ni yake mwenyewe. Kwenye shamba tupu kila mtu anaweza: mashine inalia, unakata bonge la udongo, unatoa kifungo cha koti, unarudi kunywa chai. Clifford yeye alipenda palipojaa mizizi. Chini ya miti, ndani ya ua wa miiba, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapapitishi hata mbwa.

Vifaa vyake ni kijiko cha supu, kisu cha siagi kilichopinda, kitana cha Doreen na gunia lililoloweshwa. Majani anayakata pande tatu tu, anayafunua kama jalada la kitabu. Udongo anauchota kwa kijiko katikati ya mizizi. Ile mizizi laini kama nywele anaichana, kisha anaifunika gunia isikauke. Mzizi mnene kuliko penseli hakati. Anauzunguka, na ukimziba njia anausemesha.

"Samahani, bwana," anauambia. "Nipishe kidogo hapo."

Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Na aliusubiri.

Mwaka huu alikuwa amebakiwa na ruhusa moja tu duniani, nayo ni ya eka saba za Bibi Winifred Gathercole, mjane wa miaka sabini na tisa. Huku kwetu ukikosa ruhusa ya mwenye ardhi, mashine yako inageuka fimbo ya kutembelea. Kwa hiyo yule bibi alipomwita Alhamisi moja ya Septemba, Clifford alivua kofia tangu njiani. Mimi nilimsindikiza, maana akifukuzwa hataweza kusimulia vizuri.

"Clifford," Bibi Gathercole alianza, "marehemu Horace ameniachia aibu."

Aibu yenyewe ilikuwa hivi. Miaka kumi na moja iliyopita, Horace alishinda kombe la fedha kwenye maonyesho ya mazao ya kijiji kwa mapeasi yake. Mwaka huohuo kamati iligombana juu ya upana wa hema, maonyesho yakafa, na kombe halikudaiwa na mtu. Sasa maonyesho yamefufuliwa. Barua imekuja: kombe lirudishwe Jumamosi kabla ya saa sita mchana.

"Basi lirudishe, mama," nikasema.

"Horace alilizika chini ya mpeasi. Alisema ni heri wadudu walinywee chai kuliko mpinzani wake Royston Pettit kulishika."

"Miaka kumi na moja! Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Clifford alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mpeasi una mizizi mingi kuliko mti wowote wa pale. Lakini bibi akanyoosha kidole juu. Nyigu walikuwa wamekula mapeasi yote isipokuwa matatu, na hayo matatu yalifanana kama pacha. Sheria ya maonyesho inataka sahani ya mapeasi matatu, yanayolingana, kila moja na kikonyo chake.

"Si uyachume leo, tuchimbe kwa raha?" nikauliza.

Aliniangalia kana kwamba nimesema tumkaange paka. "Horace alichuma asubuhi ya Jumamosi. Ukichuma Alhamisi vikonyo vinanyauka, na jaji ana macho. Clifford, nisikilize. Nataka kombe hilo lirudi, na nataka kulishinda tena saa mbili baadaye. Likianguka peasi moja tu, wewe na mashine yako hamkanyagi tena hapa. Na shemeji yako."

"Mimi nimefanya nini?"

"Bado hujafanya, Wilf."

Ijumaa asubuhi tuliegesha ngazi tatu. Kila peasi lilivalishwa kipande cha soksi ya nailoni ya bibi, na chini yake mtu aliweka kiganja bila kugusa, kama anayepokea kichwa cha mtoto mchanga wa watu. Doreen alishika la upande wa barabara. Bibi Gathercole alipanda mwenyewe, na koti lake la kanisani. Mimi nikapewa lile gumu, la mwisho wa tawi, kwa sababu ambazo nadhani zinaeleweka.

Chini yetu Clifford alipitisha mashine, ikalia kama mbuzi. Akafunua majani, akaingia na kijiko.

Saa nne ikapita. Saa tano manyunyu yakaanza, na kwa kuwa hakuna aliyeyataja, tukaloa. Chai tulinywa kwa mkono wa pili.

"Umefika wapi?" Doreen akamuuliza mumewe.

"Kuna mmoja hapa hataki."

"Msukume!"

"Doreen, tumefahamiana naye sasa hivi tu."

Saa nane hivi Royston Pettit mwenyewe akapita nje ya ua na mbwa wake. Akasimama. Akatazama watu wazima watatu juu ya ngazi, kwenye mvua, wameshikilia matunda yaliyovaa soksi, na makalio ya mtu wa nne yakitokeza shimoni. Sisi watu wa hapa tumelelewa vibaya sana: hatujui kumuuliza jirani anafanya nini.

"Siku nzuri kwa kazi hiyo," akasema.

"Nzuri mno, Royston," bibi akajibu.

Akavuta mbwa wake, akaenda.

Saa kumi Clifford alilifikia. Tulisikia kijiko kikigonga fedha.

"Limeshikwa," akasema. Mzizi mnene kama dole gumba ulikuwa umepita katikati ya kishikio kimoja cha kombe, ukavimba pande zote mbili. Halisogei mbele wala nyuma.

"Kata, mwanaume wewe!" nikapiga kelele. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi tangu saa saba. "Mzizi mmoja! Mti una elfu!"

"Huu ndio unaolisha tawi lako, Wilf. Nikiukata, peasi lako litajua."

Nikalitazama peasi langu. Kusema kweli lilionekana kama linasikiliza.

"Clifford," bibi akasema polepole, "kombe lisipofika kesho, jina la Horace litasomwa mbele ya kijiji kama la mwizi."

Clifford akakaa kwanza. Halafu akaomba msumeno wa chuma. Nikamshukuru Mungu, nikadhani akili imemrudia. Akainama tena, msumeno ukaanza: kriii, kriii.

"Mzizi gani huo unaolia kama bati?" Doreen akauliza.

Clifford akainuka na kombe mkononi, lina udongo hadi mdomoni, na lina kishikio kimoja. Cha pili alikikata pale kilipoungana na kombe, juu na chini, akakiacha kimevaliwa na mzizi kama bangili.

Bibi Gathercole alilitazama kombe. Akayatazama mapeasi, yote matatu.

"Umekata kombe la kijiji."

"Ndiyo, mama. Ulisema peasi lisianguke."

Akamwaga ule udongo shimoni, akafunika majani, akayapapasa. Bibi hakusema kama ruhusa ipo au haipo. Clifford hakulala, Doreen aliniambia alikaa kitandani akipangusa mashine kama mtu anayeiaga.

Jumamosi katibu wa kamati alipokea kombe, akaligeuza mara mbili, akasema, "Limetunzwa vizuri," na akaliweka upande uliokatwa ukielekea ukutani. Baadaye jaji alizunguka na miwani yake. Bibi Gathercole akapata nafasi ya pili. Mwenyewe nilimsikia jaji akilisifu peasi la kushoto, na la kushoto ndilo nililolishika mimi.

Wa kwanza alikuwa Royston Pettit.

Alipanda jukwaani, akanyoosha mikono miwili, na mmoja ukakamata hewa. Kombe likalala ubavu. Kwenye picha amelishika kama birika. Nilimgeukia Bibi Gathercole nikiona mabega yanamtikisika, nikamtafutia kitambaa. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

Jumapili Pettit alikuja getini kwa bibi na keki.

"Winifred, nasikia kipande cha kombe langu kimebaki kwako."

"Kimebaki ardhini, na ardhi ni yangu. Mwenye ruhusa ya kuchimba hapa ni Clifford. Yeye peke yake, Royston, mpaka nife. Muulize yeye."

Clifford alikuwa nyuma ya ua, kofia mkononi. Alipolisikia hilo aliivaa. Akaja, akalala chini ya mpeasi, akafunua majani, akachota vijiko viwili vya udongo, akachungulia muda mrefu.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Haujaachia."

"Utaachia lini?"

"Mti ukifa, mizizi ikaoza. Mpeasi ukitunzwa unaweza kumaliza miaka mia mbili."

Pettit alitazama mawingu. Adabu ilimzuia kusema kilichokuwa mdomoni.

"Basi nitapita tena," akasema, akaacha keki juu ya nguzo ya geti.

Ilikuwa ya limau. Kavu kidogo.