Sikio la Kushoto la Kocha

Nilizaliwa Tanga, nikaja Johannesburg kutafuta maisha, nikaishia kutunza bwawa la kuogelea la chuo kimoja huku Doornfontein. Kazi yenyewe ni dawa ya maji na kugombana na wanafunzi wanaoingia na viatu. Kocha wa timu yao ya polo ya majini ni Mkroatia, mabega yake ukiyaona utadhani kabati. Aliniambia kwao alikuwa golikipa wa taifa, na kwamba katika mji wake wa pwani hakuna aliyekubali alipie kahawa.

Sikumwamini. Wanaume wazima wanatupiana mpira majini, vikofia vimefungwa chini ya kidevu, nani atapoteza muda kuwashangilia? Akatoa simu, akanionyesha video. Ukumbi mzima umesimama, watu wanaimba jina lake na wengine wanalia. Mimi nilikuwa nasikiliza, yeye akiangalia vinywa tu. Ndipo akanieleza habari ya masikio yake.

La kulia lilikufa zamani, alipopigwa na mpira wa karibu uliovunja hata kinga ya sikio kwenye kofia. La kushoto lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji, na daktari alimwambia waziwazi kwamba maji yakiingia humo kabla halijapona, asahau kusikia. Kwa hiyo alifundisha akiwa ukingoni, pamba sikioni, haoshi kichwa mpaka ajifunge mfuko wa plastiki.

"Mama yangu hajui kuandika meseji," aliniambia. "Hili likienda, nitamsikiaje?"

Lakini ni yeye huyohuyo aliyewafundisha vijana kwamba timu ikichukua kombe, kocha hutupwa majini na nguo zake. Ndiyo desturi ya mchezo wao. Aliwasimulia hayo kabla ya upasuaji, na habari ya sikio hakuwaambia, maana aliona aibu kuonekana mgonjwa.

Wakashinda, Jumamosi moja alasiri, timu ambayo hata mimi nilikuwa naicheka. Nikawaona wanapanda kutoka majini, wanamjia huku wanaimba jina lake. Nikasimama mbele yake na ule wavu wangu wa kuopolea majani.

"Eish, mzee, tupishe," mmoja akaniambia, anacheka.

Nikamgeukia kocha. "Waambie basi."

Alikuwa na uso uleule aliokuwa nao kwenye video, ukumbi ukiimba jina lake. Akatoa simu mfukoni, akaniwekea mkononi isilowe, akanisogeza pembeni taratibu. Simu aliikumbuka. Nilimchukia wakati ule, na sijui kama nimemaliza.

Wakambeba, wakambwaga kwenye kina kirefu. Alipoibuka alikuwa anacheka, kiganja kimefunika sikio. Kabla wiki haijaisha likaanza kutoa usaha, na daktari akasema hakuna tena la kufanya.

Bado anafundisha, kwa mikono na filimbi ambayo haisikii mwenyewe. Wanafunzi wanampenda kuliko zamani. Jumapili mama yake anapopiga simu, kocha anakuja nayo kwangu kwenye chumba cha pampu. Naiweka sikioni. Bibi anaongea Kikroatia kirefu, mara anacheka, mara kama anauliza kitu, nami sielewi hata neno moja. Naitikia tu, "Ndiyo, mama." Kocha ananikazia macho mdomoni, anasubiri nimwambie amesema nini.