Nilinunua tela la kulala ili nipumzike na familia Masieda, ukoo ukaja kutuokoa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wenye umri wa baba yangu, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, leo nimeamua kujianika mwenyewe. Sijatia chumvi. Ningekuwa natunga, ningetunga kisa ambacho mimi nina akili.

Kwanza mnijue. Naishi Nangwa, karibu na Katesh. Kazi yangu ni kununua vitunguu saumu na maharage kwa wakulima wa Mbulu na kupeleka masoko ya mbali. Nyumbani nafika, nabadilisha shati, naondoka. Harufu ya saumu hainitoki hata nikioga na sabuni ya unga.

Nina mke, Mama Dani. Nina wavulana wawili wanaosoma, na binti wa mwisho, Anjela, ambaye ndiyo kwanza maneno yamenyooka mdomoni.

Siku moja nimerudi kutoka Dar. Anjela akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akanivutia kiti. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana adabu kweli.

Akaenda jikoni. Nikamsikia anamuuliza mama yake, "Mama, huyu mgeni analala hapa?"

Wavulana walicheka. Mama Dani hakucheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, halafu nikatoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, kama fundi anayekagua mabati.

Iliniuma, wakuu. Sitaki kudanganya.

Sasa mtu mwenye busara angefanyaje? Angepunguza safari, akae nyumbani, acheze na mtoto. Ni bure na hakuhitaji leseni. Mimi nikaingia YouTube.

Huko nikakuta familia za Wazungu wanavuta vijumba vya magurudumu, ndani kuna vitanda, jiko la gesi na mapazia. Baba anapika, mama amekaa kwenye kiti cha kukunja, watoto wanamrukia baba. Nikaona hilo ndilo jibu. Tatizo langu halikuwa kukosekana nyumbani, tatizo langu lilikuwa kukosa tela!

Nikaenda Arusha kwenye yadi moja wanakouza hivyo vitu vilivyotumika. Walikuwa nayo matatu.

La kwanza dogo, ukilifungua linatoa mbawa za turubai. La pili la wastani, jepesi, la watu wanne wembamba. La tatu ni jumba. Lina meza, makabati, vitanda vya kutosha na mapazia ya maua.

Wakuu, sisi wa huku kitu tunachojua kununua kwa uhakika ni ng'ombe. Kwa hiyo ndivyo nilivyonunua. Nililizunguka polepole, mikono nyuma. Nikalipiga kofi ubavuni. Nikachungulia chini. Nikarudi hatua kadhaa nitazame linavyosimama. Nikauliza limetoka kwa nani na huko kwao lilikuwa linatunzwaje. Nusura niliangalie meno.

Lile la wastani nikalidharau kwa sababu lilionekana limekonda.

Mama mwenye yadi akaniuliza, "Kaka, utavuta na gari gani?"

Nikamjibu, "Gari lipo."

Akasema, "Nauliza kwa sababu hili kubwa ni zito. Hilo la katikati hata gari dogo linaweza."

"Dada, gari lipo."

Gari lililokuwepo ni Noah.

Na kuna ujinga mwingine. Nilikuwa nataka muda na watoto wangu tu, bila wageni. Lakini wakati wa kuchagua nikawa nahesabu: akija kaka atakaa hapa, wakija wakwe watakaa pale. Nikanunua kitu cha kuwakwepa watu chenye nafasi ya watu wote ninaowakwepa.

Bei msiniulize. Mama Dani naye yuko humu JF, anasoma.

Kutoka Arusha nililipakia kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, kwa hiyo mpaka hapo nilikuwa bado tajiri. Aibu ilianzia Nangwa. Fundi akachomelea towbar, kile chuma cha kuvutia tela, kwenye Noah, tukafunga, majirani wakajaa, nikawasha gari kwa madaha.

Noah ikakaa matako chini, pua ikaangalia Mlima Hanang. Nikakanyaga mafuta. Tukasogea mpaka kamwinuko ka kwanza, kale ambako hata punda hakaoni kama ni mlima. Injini ikachemka. Dani akashuka akaweka jiwe nyuma ya tairi bila hata kuambiwa. Anjela alikuwa dirishani kwa jirani anatazama, mdomo wazi.

Likizo ya shule imeshaanza, watoto wameshaahidiwa. Nifanyeje?

Jirani yangu ana trekta. Akasema atalivuta mpaka ninapotaka, halafu atarudi kutuchukua baadaye.

Basi hebu tupigeni picha njiani. Mbele trekta, nyuma yake jumba lina mapazia ya maua, juu yake nimefunga magodoro kwa sababu ndani nimejaza viti na sufuria. Nyuma kabisa Noah, na familia nzima ndani. Tukapita Basotu, tukapita Haydom, tunatimua vumbi, watu wanasimama barabarani kututazama. Mimi nawapungia mkono.

Ninyi mnaotoka huku mmeshaelewa. Huku kwetu ukiona trekta limebeba magodoro na watoto wako nyuma, hao hawaendi camping. Hao wamehama, na mara nyingi hawakupenda.

Nilichagua Masieda kwa sababu kuna mteremko mmoja mzuri, ukisimama unaona bonde lote chini. Mwenyekiti wa kitongoji nilimwomba ruhusa kwa simu. Shangazi yangu, dada wa baba, anakaa hukohuko. Njia inapita mbele ya nyumba yake.

Shangazi sikumwambia. Nilijua nikimwambia tu, tutalala kwake, tutakula kwake, watakuja majirani, na mimi nitakaa na wazee tunaongea bei ya saumu mpaka likizo iishe. Kwa hiyo tulipopita kwake nikafanya kama naangalia kioo cha upande wa pili.

Tukaweka kambi. Na hapo, wakuu, naomba nijisifu kidogo, kwa sababu mambo yalianza kwenda vizuri.

Nilipika mimi. Ugali wa kwanza ulikuwa mbichi, wa pili ukaungua, wa tatu watoto wakala kwa huruma. Mlango wa tela ni mfupi, kila nikiingia najigonga kichwa. Mara ya kwanza Anjela alishtuka. Mara ya pili akacheka. Baadaye akawa ananivizia, nikikaribia mlango anapiga kelele, "Wewe! Kichwa!" Mimi najigonga makusudi ili acheke tena. Nilipata nundu, ila nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye gunia lolote.

Bado alikuwa ananiita "wewe". Lakini kutoka mgeni mpaka wewe ni hatua.

Kesho yake akapita bibi mmoja na kibuyu. Nikamwamkia kwa mbali. Akaitikia, lakini hakusogea. Akaweka kibuyu juu ya jiwe, akatutazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Kilikuwa cha maziwa.

Mchana akaja mwingine na makande kwenye bakuli. Naye akaweka kwenye jiwe lilelile, akaondoka. Jioni mahindi ya kuchemsha.

Nikamwambia mke wangu, "Unaona watu wa kwetu walivyo wakarimu? Huko YouTube hawaletewi hata chumvi."

Mama Dani ni Mnyaturu wa Singida. Akasema, "Ni wakarimu, sawa. Mbona hawakaribii?"

Nikamwambia wanaheshimu privacy.

Wakuu, mimi ni Mwiraqw, nimezaliwa Tumati, nimelelewa na bibi. Yeye alinihadithia kwamba zamani nyumba iliyopatwa na mkosi mzito, kama kufiwa na mtoto mchanga, ilikaa kando na watu kwa muda. Hawatembelei mtu na hawatembelewi. Siku hizi ni mambo ya zamani, kanisani hayapo, lakini wazee hawajasahau. Sasa niambieni, familia imekuja na mizigo yote, imejitenga mteremkoni, haijaingia hata kwa shangazi kusalimia. Mnyaturu ameshtuka. Mwiraqw anakunywa maziwa anasema privacy.

Siku iliyofuata asubuhi tukasikia gari. Pick-up ya kukodi. Akashuka baba yangu, akashuka shangazi na kanga ameifunga kiunoni kama anakwenda msibani, akashuka mzee mmoja wa kanisa. Nyuma kulikuwa na gunia la mahindi na mablanketi.

Baba anakaa Tumati, na umri wake hauruhusu zile barabara. Nikamkimbilia. "Shikamoo baba."

Akatazama magodoro tuliyoyaanika, akatazama sufuria iliyoungua, akanitazama mimi na nundu yangu.

"Marahaba. Watoto ni wazima?"

"Wazima, baba."

"Wote?"

"Wote."

Akavua kofia, akapumua kwa nguvu, akaivaa tena. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimefanya nini.

Shangazi hakusubiri. "Umepita mlango wangu na trekta. Na nyumba. Na watoto! Hukugeuza hata shingo. Mimi nifikiri nini? Nikasema huyu amepatwa na jambo ambalo hawezi kulisema. Sikulala mimi, nikampigia simu baba yako. Nimewaambia majirani wasiwaache na njaa, lakini wasiwaulize."

Baba akamnyamazisha kwa mkono. Akaniambia taratibu, "Kama biashara imeanguka, sema. Kama nyumba ya Nangwa imeenda, sema. Mimi sitakugombeza. Pale kwenye maharage nimeshapima kiwanja, nimeweka vigingi. Utajenga. Mtoto wangu hawezi kulala kwenye bati porini na mimi ni mzima."

Wakuu, jiwekeni hapo. Mzee amechimbia vigingi kwenye shamba lake la maharage kwa sababu mimi nilitaka kuwa kama watu wa YouTube.

"Baba, hii ni camping. Ni kupumzika."

"Kupumzika na nini?"

"Na... shughuli za nyumbani."

"Ukanunua nyumba nyingine ili upumzike na nyumba?"

Mzee wa kanisa akakohoa akaangalia bonde.

Baba hakuniamini. Aliona naficha fedheha. Akachuchumaa mbele ya Anjela, ambaye alikuwa amesimama kando yangu ameshika suruali yangu. Kwanza hata sikuwa nimegundua kwamba ameishika.

"Mjukuu wangu, wewe utaniambia ukweli. Nani amewafukuza?"

Anjela akamtazama kama mtu anayeulizwa swali rahisi mno.

"Hatujafukuzwa, babu. Baba amekuja kukaa na sisi."

Baba. Alisema baba.

Mzee akabaki amechuchumaa. Akaniinulia macho, na safari hii nafikiri alielewa kila kitu, hata yale ambayo sikuwa tayari kumwambia. Akasema tu, "Kumbe." Mimi nikajifanya vumbi limeniingia machoni, lakini upepo haukuwepo.

Shangazi hakutaka kusikia habari za camping. Jirani yangu wa trekta alipofika, jumba likaburutwa mpaka uani kwake, na likizo iliyobaki tukaimalizia hapo. Mapazia yalisifiwa sana. Wale mabibi wa kwenye jiwe walikuja wote, safari hii wakakaa ndani, wakanicheka mbele yangu mpaka chai ikapoa. Baba alisema atalala humo usiku mmoja aone Wazungu wanapenda nini. Asubuhi akatoka anashika paji la uso, akasema wanapenda kuumia.

Sasa somo, kwa anayetaka kununua.

Anza na gari lako, ndipo uende kuangalia tela. Muuzaji akikuuliza utavuta na nini, usimjibu "gari lipo", hiyo siyo aina ya gari. Tela siyo dume la ng'ombe, kukonda kwake ni faida. Na ukitaka kuweka kambi kwenye nchi yenye shangazi yako, ingia kwanza kwake, kunywa chai, sema unalala wapi na kwa nini. Chai moja ingemwokoa baba yangu na kazi ya kuchimbia vigingi.

Vile vigingi hajavitoa. Nilimwambia avitoe apande maharage, akasema viache, siku moja utachoka kuzunguka.

Safari nimepunguza. Sijaacha, kwa sababu saumu haziendi sokoni zenyewe, lakini nimepunguza.

Mnicheke tu, nimejiandaa, na mwenye uzoefu wa tela jepesi aje atushauri. Lakini wale wenzangu wa barabarani, madereva, wafanyabiashara, wa kazi za mikoani, kabla hamjanicheka nijibuni kitu kimoja, na msidanganye: mkifika nyumbani, mtoto wenu wa mwisho anawaitaje?