Lukwele na Mahindi ya Chuo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa ghala na pishi, kipimo cha mbao cha nafaka. Ilikuwa enzi ya Mdachi. Chuo chetu cha Morogoro kilifundisha Kurani na sheria kwa vijana waliotoka mbali, nao walilala hapo hapo. Mwalimu Mkuu, mtu wa pwani, aliniambia kazi ya mtunza ghala ni moja tu: kijana asishikwe na njaa akatoroka.

Chakula kingi kilitoka kwa ukoo mmoja wa Mgeta. Kila mavuno walishusha mahindi na maharage ya shamba walilolitenga kwa ajili ya chuo, ilhali hakuna mtoto wao aliyesoma kwetu. Jambo hilo lilinishughulisha. Niliwauliza wapagazi nani aliyeanzisha sadaka hiyo, wakasema Lukwele. Na babu zenu, nikauliza, nani aliwatuma? Lukwele. Nikadhani wananitania, maana Lukwele niliyemjua, mkuu wa ukoo huo, hakuwa na umri huo.

Kisha Lukwele akafariki. Mwalimu Mkuu alipanda mlima kutoa rambirambi, nami nikamfuata. Mbele ya waombolezaji alimshukuru mtoto wa kiume wa marehemu kwa wema wa baba yake, akamsihi asiukate. Yule akaitikia vizuri tu. Mavuno yakapita, hakikushuka kitu. Nikaanza kupima kibaba, yaani robo ya pishi, mahali pa pishi nzima. Vijana wakaanza kufunga virago.

Tukapanda tena. Tulimkuta dada wa marehemu akipukuchua mahindi na wenzake. Akauliza kama safari hii tumeijua njia. Nikamwomba atueleze kosa letu. Akasema ardhi ya Mluguru hufuata upande wa mama. Mtoto wa marehemu ni wa ukoo mwingine, pale msibani alikuwa mgeni kama sisi. Mndewa, mkuu wa ukoo, hurithiwa na mpwa wake, naye hupewa jina pamoja na kiti. Akamwita mwanawe. Akatoka kijana ambaye ndevu hazijamjaa.

"Mwalimu," akasema, "nakulisha miaka yote, halafu unakwenda kumshukuru mtoto wangu mbele ya watu, mimi mwenyewe nimekaa hapo?"

Mtoto huyo wa marehemu alikuwa amemzidi kijana huyu umri. Wanawake waliacha kupukuchua. Mwalimu Mkuu, mvi kichwa kizima, alimwinamia.

"Shikamoo, Lukwele."

"Marahaba. Vijana wangu hawajambo?"

"Wana njaa."

Kesho yake wapagazi waliteremka nasi.

Baadaye nilitunza ghala la akida, kisha la mfanyabiashara wa Kihindi aliyehesabu hata magunia matupu, nikarudi kumalizia kazi chuoni. Nilipokaribia kustaafu nilikwenda Mgeta kuaga. Lukwele alikuwa ameanza kuota mvi. Nikamuuliza lile lililonishughulisha tangu ujana: kwa nini mnatoa?

"Niliahidi," akasema. "Mwalimu wenu wa kwanza alifika hapa na homa, nikamlaza kwangu. Alipopona akanambia anataka kufungua chuo, nikamwambia chakula kitatoka kwangu. Jina lake sasa analo nani?"

Nikamwambia sisi hatuna desturi hiyo. Hakuna aliye nalo.

"Basi ahadi nimebaki nayo peke yangu," akasema, akainuka kwenda kuwaonyesha wapagazi mizigo ya kushusha.