Mkongojo wa Mke wa Fundi Kesho

Jina la Fundi Kesho alipewa na mke wake mwenyewe, tena kwa mapenzi, alipostaafu kazi ya kusoma mita za maji na kugeuza banda la kuku kuwa karakana. Kuku walishaliwa, harufu ikabaki. Humo ndani alijifunza useremala wa kujifurahisha: leo mwiko, keshokutwa kibao cha kukatia mboga, na stuli moja ambayo mpaka mjukuu anaanza shule ilikuwa bado ina miguu miwili. Ukimuuliza itaisha lini, jibu ni kesho. Watu walicheka na yeye akacheka nao, maana hakuna aliyekuwa akiisubiri hiyo stuli.

Mkewe hakuwa mtu wa namna hiyo hata kidogo. Alikuwa fundi cherehani, na ukishachukua kitambaa cha bibi harusi, kesho ni kesho kweli. Alishona mpaka macho yakamwiva, lakini mteja hakuondoka kwake mikono mitupu. Kiharusi kilimkuta pale pale kwenye cherehani, kikamchukulia upande wote wa kulia.

Alilazwa, akarudi nyumbani, akaanza kujifunza upya kusimama. Mama yule alikuwa na moyo, jamani. Aliukokota ule mguu toka kitandani hadi mlangoni, jasho likimtiririka, na akifika anasema, "Haya, nimefika sokoni. Nani anataka nyanya?" Binti yao, aliyehamia kwao kuwasaidia, alikuwa akicheka huku machozi yanamlengalenga. Gongo la chuma walilopewa hospitali lilikuwa refu, likimchubua kwapa na kuteleza kwenye sakafu.

"Baba watoto," akamwambia mumewe, "nichongee mkongojo. Mfupi, wenye kichwa cha kunijaa kiganjani. Nikiupata huo nitakwenda chooni peke yangu, niache kupelekwa kama mtoto."

Basi, hilo ndilo alilotaka. Hakuomba dawa wala muujiza. Alitaka afunge mlango wa choo mwenyewe, kwa mkono wake.

Mzee akamkubalia kwa moyo mmoja. Mti alikuwa nao, kipande kimoja kizuri, kigumu, chenye nyuzi zilizonyooka, alichopewa na rafiki. Kilichokosekana ni kiranda cha mishikio miwili, kile unachokishika kama usukani wa baiskeli, ubapa wake mdogo wa kukatia ukiwa katikati, ukakivuta kufuata mviringo wa mti. Randa ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Akaenda duka la vifaa, akachagua vile vya bei ya chini, vilivyopakwa rangi ya bluu nene kama uji. Alivipanga kwenye kioo cha kaunta, akainama na kuchungulia kimoja kimoja kama mwanga unapita chini yake.

"Mzee, unachagua kiranda au mchumba?" akauliza mwenye duka, mama mmoja mwenye maneno yake. "Vyote ni ndugu hivyo. Ukikitumia kama kilivyo hakikati hata siagi. Nenda kakihangaikie."

Na kweli akakihangaikia. Mara ya kwanza alipokijaribu kwenye kuni, kilitetemeka na kuacha mawimbi. Akakifungua, akaona ubapa umekaa juu ya madonge ya rangi. Akaikwangua rangi yote kwa tupa mpaka chuma kikatoka cheupe na ubapa ukalala bila kucheza. Akabandika msasa juu ya kioo, akasugua tumbo la kiranda mpaka likanyooka. Akaunoa ubapa, mbele na nyuma, mpaka ukanyoa vinyweleo vya mkono wake. Alipokivuta tena kwenye kuni, kikatoa maranda marefu, membamba, kuni ikabaki laini kama imepakwa mafuta.

Hapo, bwana wee, ndipo angekishika kile kipande cha mti akaanza kazi. Kiranda kilikuwa tayari. Seremala wa kulipwa angekuwa ameshafika nusu ya mkongojo. Lakini ugonjwa wa hawa wanaochonga kwa kujifurahisha ni huu: wakipata kifaa kinachokata, wanataka kikate zaidi. Akaona uwazi mbele ya ubapa ni mpana kidogo, akatafuta bati la kuubania. Akaona skrubu inalegea. Akarudi dukani kununua kingine, chenye tumbo la mviringo, cha kuchongea pale shingo ya mkongojo inapokutana na kichwa, na hicho nacho kikaanza upya, rangi, tupa, msasa, jiwe.

Jioni moja alimpelekea mkewe utepe mmoja wa maranda kiganjani. "Hebu ona, mama. Unaweza kusoma gazeti kupitia hapa."

Mkewe akauangalia kwenye mwanga wa dirisha, kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Nzuri sana," akasema. "Na mkongojo?"

"Kesho naanza."

"Baba," binti akadakia akiwa jikoni, "hiyo kesho yako mama anaisubiri kwa mguu mmoja."

Mzee akairudia njia ya bandani. Ukweli ni kwamba alikuwa akiogopa. Mti ulikuwa mmoja, akikosea hana mwingine. Na siku alipompima urefu, mkewe amesimama ameegemea meza, aliuona ule mguu ulivyopinda unyayo, akaona jinsi bega lilivyoshuka, na moyo ukamwuma asijue pa kuuweka. Kule bandani hapakuwa na mguu. Palikuwa na chuma, na chuma ukikisugua kinatii. Kwa hiyo alisugua.

Asubuhi moja binti alikuwa ametoka kununua mkate. Mama alitaka kwenda chooni, akaita. Akaita tena. Mzee alikuwa bandani na tupa, na tupa juu ya chuma inapiga kelele ya kuziba masikio, hakusikia kitu. Mama akaona asijiaibishe kitandani. Akanyanyuka, akashika ukuta, ukuta ukaisha, akashika mgongo wa kiti. Kiti kikateleza.

Binti ndiye aliyemkuta sakafuni, nguo imelowa, amejiziba uso kwa mkono wake mzima. Alimwita baba yake kwa sauti ambayo hata tupa haikuweza kuifunika.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari, kijana mpole, aliwaeleza kwenye korido kwamba mfupa watauunga, ila kwa mwili uliokwisha kupigwa na kiharusi wasitegemee kwamba atasimama tena. Mzee aliitikia "sawa, sawa" kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akauliza, "Hata kwa mkongojo?" Binti akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi.

Siku waliyomrudisha nyumbani walimlaza sebuleni, maana kule chumbani hapakutosha tena kitanda pamoja na beseni na vitu vyake vyote. Mzee akaenda bandani. Akaubana ule mti, akashika kiranda, akavuta. Kiranda kilikata vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukishika, na hilo lilimliza, akaendelea kuvuta huku analia. Shingo ikatokea. Kichwa kikatokea, mviringo, kinene upande wa kidole gumba, cha kujaa kiganja kama alivyoomba. Akausugua na kuupaka mafuta. Jua lilikuwa bado liko juu.

Kwa nini alimpelekea mkewe, hata yeye hakujua. Labda alitaka kusamehewa. Aliuweka kwenye mkono wake wa kushoto, naye akaufumba taratibu, kiganja kikajaa.

"Umenikaa," mkewe akasema. Maneno yake yalikuwa yakitoka kwa shida siku hizo. Alipitisha kidole gumba shingoni mwa mti, juu, chini. "Umeuanza lini?"

Angeweza kumdanganya. Lakini huyu alikuwa fundi, amepima kazi za watu maisha yake yote.

"Leo," akasema. "Baada ya chakula cha mchana."

Mama akatazama dirishani, kwenye mwanga.

"Kumbe ni kazi ya mchana mmoja," akasema.

Mzee akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kusema nisamehe, akaishia kunyoosha shuka. Mkewe hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimrudishia tu mkongojo, akafumba macho.

"Kauweke mahali nisipouona," akasema.

Mzee akasimama nao mkononi, akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia pembeni ya kabati, akaangalia korido. Sebule ilikuwa ndogo, na kutoka pale kitandani kila kitu kilionekana.